Hachi imeganda katikati ya mchoro: nisitishe vipi bila kuliua faili?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji kwenye ofisi ya ramani hapa Nyakato, Mwanza. Juzi nilikuwa najaza hachi ya mawe (vile vistari vya kujazia eneo kuonyesha kwamba ni mawe) kwenye mchoro wa kiwanja cha Bugarika, ule wa mlimani wenye kontua nyingi, yaani mistari ya kuonyesha mwinuko. Natumia AutoCAD, ile programu ya kuchorea. Nikabofya ndani ya eneo, kompyuta ikaganda. Nikabonyeza Esc kama mara hamsini, nikabonyeza Enter, mwisho nikaizima kwa batani. Nilipowasha, kazi ya tangu asubuhi haipo, na faili linadai lina hitilafu. Bosi hataki hata kuniona. Mtu anasitishaje kazi iliyokwisha kuanza bila kuharibu faili? Na kama ni kusubiri, nasubiri mpaka lini?"

Marahaba, na pole sana. Nitajibu yote mawili, ila kwanza tuokoe kinachookoleka, maana kila ukilifungua lile faili na kulisevu tena unajipunguzia nafasi.

Usiliguse kwanza. Fungua folda lilimo, utaona pacha wake mwenye jina lilelile ila mwisho wa jina ni .bak. Huyo ni mchoro ulivyokuwa kabla ya kusevu kwako kwa mwisho. Kama Windows imeficha miisho ya majina, iambie iyaonyeshe. Sasa hatari ni hii: la .dwg likifunguka kwa bahati, nusu zima nusu bovu, nawe ukalisevu, AutoCAD italichukua lile bovu na kulifanya .bak mpya, na lile zima ndiyo limekwenda. Kwa hiyo nakili yote mawili, uyaweke kwenye folda nyingine kabisa.

Kisha kuna la tatu, ambalo wachoraji wengi hawajui lilipo. Ni lile ambalo programu hujisevia yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Mwisho wake ni .sv$, na halikai pamoja na mchoro. Linakaa kwenye folda ya mambo ya muda ya Windows. Andika SAVEFILEPATH kwenye mstari wa komandi, itakutajia njia. Ingia humo, panga mafaili kwa tarehe, tafuta lenye jina la mchoro wako na saa za juzi. Faili hilo hufutwa lenyewe unapofunga mchoro kwa utaratibu. Wewe hukufunga kwa utaratibu, kwa hiyo katika balaa lako lote, hapo ndipo penye nafuu: huenda bado lipo. Linakili, badilisha mwisho wa jina uwe .dwg, ufungue nakala hiyo. Ikigoma, anza AutoCAD mpya, andika RECOVER na uichague. Ikifunguka, andika AUDIT, na ikikuuliza kama isahihishe makosa, jibu Y. Na RECOVER ikishindwa, usikate tamaa: fungua mchoro mpya mtupu, kisha uliingize lile faili ndani yake kwa INSERT. Mara kadhaa nimeona faili lililogoma kufunguka likakubali kuingizwa.

Kama hukuti .sv$ yoyote, andika SAVETIME uone namba. AutoCAD inakuja na 10, yaani dakika 10. Ukikuta 0, kuna mtu ameizima. Wapo wachoraji wenye laptopu nzito wanaoizima ili isiwakwamishe katikati ya mstari. Sikubaliani nao hata kidogo, na kwangu mtu akiiweka 0 namnunulisha chai ofisi nzima.

Haya, sasa tuje kwenye kilichotokea.

Ulipobofya ndani ya eneo, ulikuwa umeiambia programu: itazame mistari yote inayoonekana kwenye skrini, itafute ipi kati yake inazunguka nukta hii, halafu itafute na visiwa vilivyomo ndani. Kwenye ramani ya nyumba ya vyumba vitatu hilo ni jambo la kupepesa macho. Kwenye mlima wa Bugarika, kila kontua ni poliline, yaani mstari mmoja wa vipande vilivyoungana, yenye vipande mamia au maelfu, inajikunja kila jiwe, na wewe ulikuwa umezifungua zote. Programu haikuharibika. Ilikuwa inafanya ulichoiagiza.

Windows nayo ina tabia yake. Dirisha la programu likikaa sekunde 5 bila kuitikia chochote, Windows inalifunika weupe na kuandika juu kwamba haliitikii. Watu wakiona ule weupe wanasema programu imekufa. Hapana, imeinamia kazi tu, kama fundi aliyechomeka kichwa kwenye injini ya boti. Ukimwita hageuki, lakini spana inazunguka.

Sasa Esc. Wengi tunadhani Esc ni breki. Ukiikanyaga, gari lisimame. Ndani ya AutoCAD haiko hivyo. Aliyeandika komandi lazima awe ameweka mahali, kila baada ya muda fulani ndani ya hesabu, pa kuiambia programu itazame kama kuna mtu amebonyeza Esc. Pale alipopaweka, Esc itasikika. Pale ambapo hakupaweka, Esc inasubiri mlangoni mpaka hesabu iishe. Ndiyo maana kuchora upya skrini kwa REGEN kunakatika upesi ukibonyeza Esc, lakini kuunganisha maumbo mazito ya 3D kwa UNION kunaweza kukukalia kimya mpaka mwisho. Mara moja ya Esc inatosha, mbili ukitaka uhakika. Ukichungulia jinsi vitufe vya menyu vya AutoCAD vilivyoandikwa kwa ndani, vingi vinaanza na ^C^C, yaani ghairi mara mbili kabla ya kuanza jambo jipya. Mara hamsini haziongezi kitu.

Kilichokuponza zaidi, nadhani, ni ile Enter. Unachobonyeza wakati programu imeinama hakipotei, kinapanga foleni. Huenda Esc yako ya kwanza ilisikika kabisa na hachi ikasimama. Halafu Enter ikafika zamu yake. Na kwenye AutoCAD, Enter au kitufe cha nafasi, kama hakuna komandi inayoendelea, maana yake ni moja: rudia komandi iliyopita. HATCH ikaanza upya. Kishale chako kilikuwa kimelala palepale juu ya kontua, na matoleo ya miaka hii huanza kukuonyesha hachi itakavyokuwa kabla hata hujabofya. Kwa hiyo ikarudi kuhesabu mlima uleule. Siwezi kuapa kuwa ndivyo ilivyokwenda kwako, lakini nimeona ikitokea mezani kwangu na mtu akaapa kwamba Esc haifanyi kazi.

Kwa hiyo ikiganda: bonyeza Esc mara mbili, sogeza kishale nje kabisa ya mchoro, kisha mikono juu. Usiguse kitu kingine.

Kuna jambo moja kuhusu Esc ambalo hukuuliza ila litakupata kesho. Kughairi si kurudisha. Ukiwa kwenye MOVE na hujaweka nukta ya pili, Esc inakuachia mchoro kama ulivyokuwa. Ukiwa kwenye LINE umekwisha kuchora vipande vitano, Esc inakata cha sita tu, vitano vinabaki. TRIM ni vivyo hivyo, mistari uliyokwisha kuikata imekatika. COPY ya mara nyingi, nakala ulizokwisha kuziweka zipo. Baada ya kughairi kitu chochote kikubwa, usiendelee na kazi kana kwamba hakikutokea. Tazama mstari wa komandi umeandika nini, kisha amua kama unahitaji U ya kurudi nyuma hatua moja. Nimewahi kupokea ramani ya hosteli yenye ngazi mbili zimelaliana palepale, moja juu ya nyingine, kwa sababu mtu alighairi COPY akidhani amefuta kila kitu. Kwenye karatasi huoni. Kwenye hesabu ya nondo ndipo utaona.

Swali lako la pili, usubiri mpaka lini. Watu hupenda namba: dakika tano, dakika kumi. Mimi sitakupa, maana namba hiyo haitoki kwenye saa. Inatoka kwenye vitu viwili: programu inafanya nini sasa hivi, na wewe utapoteza nini ukiiua.

La kwanza unalitazama kwa Ctrl, Shift na Esc pamoja. Inafunguka Task Manager. Tafuta mstari wa AutoCAD, tazama safu ya prosesa. Hapa wengi wanadanganyika. Wanaona asilimia 12 au 13, wanasema mbona haifanyi kazi yoyote. Lakini sehemu kubwa ya kazi za AutoCAD inapita kwenye uzi mmoja tu wa prosesa, yaani njia moja kati ya zile zinazofanya hesabu kwa pamoja. Laptopu yenye nyuzi 8, uzi mmoja ukijaa kabisa ni sehemu moja ya nane, yaani hiyohiyo asilimia 12 na nusu. Yenye nyuzi 4, utaona 25. Kwa hiyo asilimia 12 isiyotikisika kwenye mashine ya nyuzi 8 ni mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote. Tazama na safu ya kumbukumbu: ikipanda na kushuka, kazi inasonga. Ikipanda tu bila kushuka mpaka inakaribia RAM yote uliyo nayo, hapo hali si nzuri, na diski itaanza kuhangaika.

Ukikuta prosesa ni sifuri na diski ni sifuri, dakika zinapita, basi haifanyi hesabu. Inasubiri kitu. Mara nyingi ni kidirisha cha swali kilichojificha nyuma ya dirisha kubwa. Jaribu Alt na Tab. Mara nyingine ni printa. Ofisi moja hapa mjini waliniita kwa laptopu iliyokuwa ikiganda kila wakifungua karatasi ya kuchapia, wamebadili RAM, wamepiga Windows upya. Printa yao kuu kwenye orodha ilikuwa ya ofisi waliyohama, haipo tena kwenye mtandao, na programu ilikuwa inaisubiri iitikie. Tukaweka printa ya PDF kuwa ndiyo kuu, tukanywa maji, tukaondoka.

La pili, utapoteza nini, unalijua mwenyewe. Kama ulisevu dakika tano zilizopita, subiri dakika kumi na ukichoka iue, hasara yako ni dakika tano. Kama hukusevu tangu asubuhi na prosesa bado inakimbia, mdogo wangu, funga mlango, teremka Mwaloni Kirumba ukale sangara wako na ugali taratibu, urudi. Nimeona hachi ikimaliza baada ya dakika arobaini. Ikimaliza, itasoma foleni, itakuta Esc zako, na utasevu ukitetemeka mikono. Wala usitegemee kwamba ile ya kujisevia yenyewe itafanya kazi huku imeganda. Haiwezi. Uzi uleule ulioinama kwenye hachi ndio ambao ungesevu.

Hali moja haina mjadala: wakati wa kusevu. Ukiona programu inaandika faili, au safu ya diski kwenye Task Manager inacheza mara baada ya wewe kubonyeza kusevu, hapo usighairi, usiue, usichomoe. AutoCAD ina adabu katika jambo hili, inaandika kwanza kwenye faili la muda, ikimaliza ndipo inabadilishana majina: jipya linakuwa .dwg, la zamani linakuwa .bak. Ukiikatiza kabla ya kubadilishana, la zamani mara nyingi linasalimika. Lakini adabu hiyo ni ya AutoCAD, si ya diski. Flashi ikichomolewa katikati, au umeme ukikata kabla Windows haijamwaga ilichokishika kwenye kumbukumbu, unaweza kukuta faili lina jina na halina kitu.

Yamenikuta. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nachora mwalo wa dagaa, vichanja vya kuanikia, njia ya kushushia ndoo, na banda la mizani. Nafanya kazi moja kwa moja kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya ofisi haikuwa yangu na mlinzi anataka kufunga. Nikabonyeza kusevu, nikaona skrini imetulia, nikachomoa. Nyumbani nikakuta faili lina kilobaiti sifuri. Pacha wa .bak alikuwa kwenye flashi hiyohiyo, naye hafunguki. Asubuhi nilichora vichanja vile upya, vyote, huku mteja amekaa pembeni anauliza kwa nini jana niliviita tayari. Tangu siku hiyo mchoro wangu unakaa kwenye diski ya mashine. Flashi ni ya kubebea nakala, basi. Na laptopu yenye betri iliyokufa naihesabu kuwa ni kompyuta ya mezani: bila UPS, ile betri ya akiba, haifunguliwi mchoro.

Basi kama umeamua kuiua, iue hivi. AutoCAD ikiwa bado imeganda, fungua folda kwa njia ya kawaida ya Windows, maana Windows yenyewe haijaganda. Nakili .dwg, .bak na .sv$ uziweke pembeni, ziko salama kabla hujagusa chochote. Hakikisha diski imetulia. Kisha Task Manager, chagua AutoCAD, bonyeza End task. Umeua programu moja. Batani la kuzimia linaua nyumba nzima, pamoja na mafaili ya watu wengine waliokuwa wanaandikwa wakati huo. Faili lako kudai lina hitilafu, mimi nalaumu batani kuliko hachi. Ukifungua tena, AutoCAD itakuletea orodha ya michoro ya kuokoa. Usipoiona, andika DRAWINGRECOVERY. Na ikikuambia mchoro unatumiwa na mtu mwingine, wakati upo peke yako, ni kifaili cha .dwl kilichobaki kwenye folda. Kifute, mradi una hakika hakuna mwenzako aliyeufungua.

Usalama wenyewe, lakini, hauko kwenye kitufe chochote kati ya hivyo. Uko kwenye sekunde kumi za kabla ya kuanza.

Fikiria kivuko cha Kamanga. Ukiwa bado gatini unaweza kubadili mawazo, ukashuka, ukaenda zako. Kikishafika katikati ya maji huwezi kumwambia nahodha akushushe. Ama anaendelea, ama anageuza kurudi, na kugeuza nako kunachukua muda. Komandi nzito ni hivyohivyo. Kwa hiyo kabla ya HATCH ya mlima, kabla ya EXPLODE (kuvunja maumbo vipande) ya mchoro wa mpima ardhi, kabla ya OVERKILL (kufuta mistari iliyolaliana), naandika QSAVE, yaani nasevu. Halafu naandika UNDO, nachagua Mark. Nimechomeka kigingi. Sasa hata komandi ikimaliza na ikaharibu, au nikaighairi njiani na sielewi imeacha nini, naandika UNDO, nachagua Back, na mchoro unarudi mpaka pale kwenye kigingi, hata kama katikati pamepita hatua ishirini. Usipochomeka, Back itakuonya kwamba itafuta kila kitu, na hapo usijibu haraka. Jua pia kwamba kurudisha jambo zito nako ni kazi nzito. UNDO inaandika kumbukumbu zake kwenye faili la muda, na diski C ikiwa imejaa filamu za Kinaijeria hadi shingoni, hata kurudi nyuma kutakwama.

Kuna kundi moja la kazi ambalo kughairi kwake kunaacha takataka kuliko hachi: vile viprogramu vya LISP (lugha ya kuandikia nyongeza za AutoCAD) ambavyo watu wanapeana kwa WhatsApp, vya kuandika namba za kontua, vya kuhesabu maeneo. Mtu anakighairi katikati, halafu siku nzima analalamika kwamba kishale hakinati tena kwenye pembe za mistari. Sababu ni kwamba kiprogramu huzima kunata kwa muda, ili kisije kikanata pasipotakiwa, kikitegemea kukuwashia kikimaliza. Ukabonyeza Esc, hakikumaliza. OSMODE, namba inayotawala kunata huko, imebaki 0. Dawa ya haraka ni kuandika OSMODE na kurudisha namba yako ya kila siku; iandike kwenye kikaratasi ubandike kwenye skrini. Dawa ya kweli iko ndani ya kiprogramu. Esc inapobonyezwa, AutoLISP hukimbilia kwenye kitu kinachoitwa *error*, na aliye mwangalifu huacha humo maagizo ya kusafisha:

(defun c:NAMBA ( / *error* zamani)
  (defun *error* (ujumbe)
    (setvar "OSMODE" zamani)
    (princ))
  (setq zamani (getvar "OSMODE"))
  (setvar "OSMODE" 0)
  ; kazi yenyewe inakaa hapa
  (setvar "OSMODE" zamani)
  (princ))

Soma taratibu. Kabla ya kuzima, kinaweka akiba ya namba ya zamani. Kikimaliza salama, kinairudisha. Kikikatishwa, *error* inairudisha. Kiprogramu cha WhatsApp kisicho na neno *error* popote ndani yake, mimi sikiendeshi kwenye mchoro wa mteja bila kuchomeka Mark kwanza, hasa kwa vile komandi zake za ndani kila moja inaweza kuhesabiwa hatua yake. Unaandika U ukidhani umerudisha chote, kumbe umerudisha herufi ya mwisho.

Kwa kuwa najua mtakuja kuniuliza programu nyingine: kwenye Revit, mstari wa maendeleo chini ya dirisha una kitufe cha kughairi, kitumie hicho, ila unapopeleka kazi kwenye faili kuu la ofisi acha imalize. SketchUp, Esc inakata zana uliyoishika, lakini ikishaanza kukatanisha maumbo mazito utasubiri tu. Inajisevia kila dakika 5 kama hujabadilisha.

Turudi Bugarika, maana hachi bado inadaiwa.

Usibofye ndani ya eneo tena. Zima leya (tabaka) ya kontua, chora mwenyewe poliline moja iliyofungwa kuzunguka sehemu ya mawe, kisha kwenye HATCH chagua kitu badala ya nukta, uichague poliline hiyo. Programu haitatafuta mpaka, umeipa. Andika pia HPQUICKPREVIEW uizime, isije ikaanza kuhesabu kila kishale kikipita.

Halafu tazama skeli ya hachi, yaani ukubwa wa vistari vyake, maana nina wasiwasi nayo. Chukua ANSI31, ile ya mistari mshazari ambayo kila mtu anaijua. Kwa vipimo vya metriki mistari yake inapishana milimita 3.175. Kiwanja cha mita 30 kwa 40 kilichochorwa kwa milimita, skeli ikiwa 1, kinahitaji mistari kama 15,600. Skeli ikiwa 100, ni 156. Sasa mlima wako, tuseme mita 300 kwa 400, kwa skeli 1 ni zaidi ya mistari 155,000, na hiyo ni hachi ya familia moja ya mistari. Hachi ya mawe kama GRAVEL ina familia nyingi za vistari vifupivifupi, kila moja na mwelekeo wake. AutoCAD ina kikomo cha idadi ya mistari ya hachi kinachoitwa HPMAXLINES, kinakuja kikiwa 1,000,000. Kwenye laptopu kama yako ningekishusha hadi 100,000. Ukikosea skeli, itakukatalia papo hapo kwamba hachi imesongamana mno, badala ya kujaribu kukuridhisha mpaka jioni.

Anza na skeli kubwa kupita kiasi, hata mawe yaonekane kama nyumba, halafu punguza kidogo kidogo. Na bosi ukimkuta, mpelekee kwanza lile faili la .sv$ likiwa limefunguka kwenye skrini, kabla hujaanza maelezo.